Siku Moja Katika Ufukwe wa Dunkirk



Wengi wenu mmekwisha kuiona ile filamu iitwayo Dunkirk, iliyotengenezwa na Christopher Nolan na kuonyeshwa mwaka 2017. Aliyeikosa sinema ameiona katika televisheni, na baadhi ya watoto wetu wameonyeshwa vipande vyake shuleni katika somo la historia. Ni filamu ya vita ambayo adui haonekani sura. Huonekana risasi zake, ndege zake na mabomu yake. Kinachosimuliwa ni jinsi askari walioshindwa, waliobanwa baina ya bahari na adui, walivyotafuta njia ya kurudi makwao wakiwa hai. Sisi tuliiona, tukaisifu, kisha tukabaki na swali ambalo hatimaye lilitufanya tukodi basi na kwenda wenyewe: katika maelfu yale yaliyosimama mchangani, je, hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akielekea kibla?

Tuliondoka hapa baada ya sala ya alfajiri, watu arobaini na kitu, wazee kwa watoto, na vikapu vya sambusa na chupa za chai kama ilivyo ada yetu. Wakati wa jua kuchomoza tulikuwa tunateremka Dover. Juu ya ile miamba myeupe ipo ngome ya kale, na chini ya ngome hiyo zimo njia zilizochimbwa ndani ya jabali. Humo ndimo alimokuwa Admirali Bertram Ramsay mwaka 1940 akiongoza kazi yote ya kuyatoa majeshi Ufaransa, kazi iliyopewa jina la siri la Dynamo. Tuliwaonyesha watoto madirisha yale kutoka chini, nao wakatazama kwa adabu, huku macho yao yakiwa kwenye feri.

Kuvuka huchukua yapata saa mbili. Njia fupi kuliko zote waliyoitumia wakati ule ilikuwa na urefu wa maili 39 za bahari, lakini ilipita mbele ya mizinga ya Wajerumani waliokwisha kuichukua Calais. Ikabidi meli zizunguke kwa njia nyingine ya maili 87, na hata hiyo haikusalimika, kwa kuwa ndege na manowari za adui zilikuwa zikiivizia. Hatimaye ikafunguliwa njia ya tatu, ya maili 55, katikati ya mafungu na mabomu ya kutegwa baharini. Sisi tulivuka tukinywa chai, bahari imetulia, wala hapakuwa na aliyetapika ila mtoto mmoja aliyekula mandazi kupita kiasi.

Inafaa tukumbushe kwa ufupi mambo yalivyofikia hapo. Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani ilizishambulia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Siku kumi tu baadaye vifaru vyake vilikuwa vimefika baharini karibu na Abbeville, na jeshi la Uingereza, pamoja na sehemu kubwa ya jeshi la Kifaransa na lote la Kibelgiji, likawa limekatwa na kuzungukwa. Tarehe 24 Mei vifaru hivyo viliamriwa visimame. Sababu za amri hiyo wanahistoria wanazibishania hata leo, lakini zile siku chache ndizo zilizowapa waliozingirwa nafasi ya kujenga ukuta wa ulinzi kuuzunguka mji wa Dunkirk. Uhamishaji ulianza jioni ya tarehe 26 Mei ukamalizika tarehe 4 Juni. Walitarajia kuokoa watu wachache mno. Walioletwa Uingereza walikuwa 338,226.

Basi letu lilituteremsha Malo-les-Bains, kitongoji cha Dunkirk, ambako ndiko filamu ilikopigwa mwaka 2016. Ufukwe ni mpana, mchanga wake ni wa kijivujivu, na unanyooka kuelekea mashariki hadi Zuydcoote, Bray-Dunes na mpaka wa Ubelgiji. Nyuma yake pana mstari wa nyumba na hoteli, na zaidi ya hapo machuguu ya mchanga yaliyoota majani makavu. Tulifika maji yakiwa yamepwa.

Msomaji aliyekulia Pwani atalielewa jambo hili upesi kuliko mwalimu yeyote wa Kizungu. Bahari ya Dunkirk haina kina karibu na nchi kavu. Maji yanapopwa hurudi nyuma mamia ya mita, na hata yakijaa, chombo kikubwa hakiwezi kusogea. Manowari zilitia nanga mbali, na askari wakalazimika kuingia majini hadi kifuani, hadi shingoni, wakisubiri mashua ndogo ije iwachukue. Wangapi miongoni mwetu hawakubebwa mabegani kutoka jahazini kwa sababu hiyo hiyo? Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na mizigo ya nazi na furaha ya kufika, na wao walikuwa wakimiminiwa risasi kutoka angani. Kule Bray-Dunes walibuni hila: maji yalipopwa waliyapanga malori yao yaliyokwisha kuwa hayana kazi, moja nyuma ya jingine kuelekea baharini, wakayatandikia mbao, na maji yalipojaa wakawa na gati.

Kwa ajili hiyo zikaitwa mashua za watu binafsi, za uvuvi na za starehe, na sifa zake Uingereza haijachoka kuzisimulia. Ndogo kuliko zote, Tamzine, mashua ya wavuvi isiyofika futi 15, imehifadhiwa katika makumbusho ya vita ya kifalme. Yule mzee wa filamu anayevuka na mashua yake kuwafuata askari anafanana sana na mtu wa kweli, Charles Lightoller, aliyekuwa ofisa wa meli ya Titanic na akanusurika ilipozama. Alikwenda Dunkirk na chombo chake Sundowner akarejea na watu wapatao 130, wamejazwa kama dagaa kikapuni. Lakini hesabu zina ukweli wake. Waliochukuliwa kutoka ufukweni walikuwa 98,780. Waliochukuliwa kutoka bandarini walikuwa 239,446. Zaidi ya theluthi mbili hawakuzikanyaga zile mashua. Walipita juu ya gati.

Tukalifuata gati. Kwa kweli halikujengwa liwe gati. Lilikuwa ni ukuta wa kuvunja mawimbi upande wa mashariki wa mlango wa bandari, mwembamba, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kapteni William Tennant, aliyetumwa kusimamia mambo ufukweni, aliona bandari yenyewe imeharibiwa kwa mabomu, akajaribu kufunga meli moja kwenye ukuta ule usiku, na jaribio likafaulu. Kuanzia hapo watu wakasimama juu yake kwa mistari, saa baada ya saa, bila mahali pa kujificha. Lile la mwaka 1940 halipo tena kwa ukamilifu wake, na watengenezaji wa filamu walilazimika kujenga upya sehemu yake. Upepo wa hapo ni mkali. Vijana walitembea hadi mahali walipoweza, wazee tukabaki tukishika kofia zetu.

Hapa ndipo tulipoanza kuizungumza filamu. Imepangwa kwa namna tatu za wakati: wiki moja gatini, siku moja baharini, saa moja angani, na zote zimesukwa pamoja. Bwana mmoja wa umri wetu alisema kwamba mara ya kwanza alidhani mkanda umeharibika. Sisi tunaona mpango huo una maana, kwa sababu anayesubiri na anayeruka na ndege hawaishi saa zilezile. Tunaona pia kwamba ufukwe wa filamu ni mtupu mno na mji wake ni msafi mno. Mwaka 1940 Dunkirk ilikuwa ikiteketea, na moshi mweusi wa matangi ya mafuta ulifunika mbingu kwa siku nyingi. Yaliachwa magari karibu 64,000 na mizinga zaidi ya 2,400. Mahali pale palikuwa kama jaa la himaya nzima.

Lakini tuliyofuata hasa ni watu. Katika filamu hiyo, kijana wa Kifaransa anavaa nguo za askari wa Kiingereza aliyekufa ili apate nafasi melini, na kila mara anakaa kimya asije akajulikana. Ni sehemu nzuri sana. Inaonyesha kwamba palikuwa na foleni mbili, na kwamba mtu aliweza kufa kwa kusimama katika foleni isiyo yake. Hadithi ikafika hapo ikakoma. Askari waliotoka mbali zaidi ya Ufaransa hawakupewa kazi yoyote ndani yake.

Nao walikuwapo. Majira ya baridi ya mwaka 1939 kuingia 1940 yalikuwa makali, na jeshi la Uingereza, lililokuwa limebadili farasi wake kwa magari, liligundua kwamba magari hukwama katika matope na barafu. Likaomba nyumbu kutoka India. Tunasema nyumbu kwa maana ya yule mnyama azaliwaye na punda na farasi, si yule wa mbuga za Serengeti. Nyumbu hao walikuja na wachungaji wao, askari wa kikosi cha uchukuzi cha jeshi la India, na kundi lao likaitwa K6. Waliteremka Marseille mwezi wa Desemba 1939. Sehemu kubwa kabisa walikuwa Waislamu wa Punjab, watu wa vijiji ambavyo leo vimo Pakistan. Waliwavusha nyumbu wao Ufaransa nzima hadi kaskazini, wakabeba shehena katika baridi ambayo hawakuwahi kuiona, na walipangiwa kuchinjiwa nyama yao wenyewe kwa mujibu wa dini.

Mwishoni mwa Mei 1940 waliamriwa kuelekea baharini na kuwaacha wanyama. Aliyewahi kufuga ataelewa amri hiyo ilikuwa nzito namna gani; nyumbu mmoja na mchungaji wake huweza kukaa pamoja miaka. Njiani msafara mmoja ulishambuliwa kwa mizinga na kwa ndege. Ofisa mdogo aitwaye Maula Dad Khan aliwatoa watu wake na wanyama wake barabarani akawaingiza mafichoni kwa utulivu mkubwa, na kwa tendo hilo alipewa nishani ya ushujaa. Meja Mohammed Akbar Khan aliongoza askari wapatao 300 wa kikosi hicho kupita ufukwe ule na gati lile lile tulilosimama, wakiwa katika mistari yao, wakafika Uingereza. Ndiye yule ambaye baadaye, Pakistan ilipozaliwa mwaka 1947, alikuwa jemadari wa kwanza kwa cheo katika jeshi lake. Kampuni moja ya wenzao, iliyokuwa mbali upande wa mashariki mwa Ufaransa, haikuwahi njia ya bahari. Askari wake walitekwa na kukaa miaka katika kambi za wafungwa.

Tuliyasimulia haya tukiwa tumekaa juu ya kibambaza cha mawe, watoto wametuzunguka. Msichana mmoja wa miaka kumi na moja akauliza, "Mwalimu, sasa hapa walisali vipi, na mabomu yanaanguka?" Bwana mwenzetu mwenye elimu ya dini akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu amewawekea wenye hofu sala yao, na akaeleza sala ya khofu inavyosaliwa, kundi moja likisali na jingine likilinda. Wakati wa adhuhuri ulikwisha kuingia. Tukatandika mikeka nyuma ya ukuta wa upepo, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza kama wasafiri. Kibla kutoka Dunkirk kiko upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo anayesali huipa bahari mgongo na kuyaelekea yale machuguu. Wapita njia wawili wa Kifaransa walisimama kidogo, wakaendelea na mbwa wao.

Wapo wengine. Yapata kilomita 70 kusini ya hapo ni mji wa Lille, ambako tulipita kwa basi tu, bila kuteremka. Humo, kuanzia tarehe 28 Mei hadi mwisho wa mwezi, maelfu ya askari wa jeshi la kwanza la Ufaransa walizingirwa wakapigana mtaa kwa mtaa chini ya Jenerali Molinié. Kati yao yalikuwamo majeshi ya Morocco na ya Afrika ya Kaskazini, vijana wa Kiislamu kutoka Atlas na Algeria. Waliyashughulisha majeshi kadhaa ya Kijerumani ambayo vinginevyo yangeukaribia ufukwe. Walipokwisha risasi na chakula walisalimu amri, na Wajerumani wenyewe wakawapa heshima ya kutoka na silaha zao mabegani katika uwanja mkubwa wa mji. Churchill aliandika baadaye kuutambua mchango wao. Nao Wafaransa walioshika mstari wa mwisho kuuzunguka Dunkirk, meli zilipoondoka alfajiri ya tarehe 4 Juni, waliachwa: walitekwa karibu 40,000.

Hatusemi haya ili kuwavika wazee wale utakatifu, wala kuisifu himaya iliyowachukua. Askari wa Punjab alitumwa kumpigania mfalme aliyeitawala nchi yake bila ridhaa, kama walivyotumwa Burma mwaka 1944 wazee wetu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Wengine walikwenda kwa mshahara, wengine kwa kushurutishwa, wengine kwa sababu baba zao walikwenda. Hata hivyo walikuwapo. Mtoto wetu anayeambiwa shuleni kwamba vita vile ni urithi wa wenzake, na kwamba yeye ni mgeni katika historia ile, anayo haki ya kujua nani alipita juu ya gati.

Makumbusho ya Dunkirk yamo katika ngome ya matofali namba 32, iliyokuwa makao ya wakuu wa majeshi ya Kifaransa siku zile. Yanapendeza, ijapokuwa vyumba ni baridi. Kuna silaha, sare, ramani na vitu vilivyotolewa baharini. Bibi mmoja katika msafara wetu, aliyeondoka Unguja akiwa mtoto mwaka 1964, alisimama muda mrefu mbele ya vitu vidogo vidogo vya askari. Tulimngoja. Alisema tu, "Mama yangu alichukua kinu. Mpaka leo sijui kwa nini kinu." Akaendelea mbele.

Hatua chache kutoka mjini ni makaburi ya Waingereza na mnara wa ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1957, wenye majina zaidi ya 4,500 ya askari wa jeshi lile la 1940 wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Tulisoma kwa dakika chache. Mvua ikaanza.

Jambo la mwisho tuliliona bila kulipanga. Feri za Dover hazifiki katikati ya mji. Hufika Loon-Plage, upande wa magharibi, na ndiko tulikorudi jioni. Kandokando ya barabara tuliwaona vijana wakitembea wawiliwawili na mifuko ya plastiki, na nyuma ya vichaka mahema ya turubai. Ni watu wanaosubiri mashua za mpira za kuwavusha usiku kwenda Uingereza. Mwaka 2022 waliovuka mkondo huo kwa vyombo vidogo walikuwa 45,755. Tarehe 24 Novemba 2021 mashua moja iliyotoka pwani hiyo ilizama, wakafa watu wasiopungua 27, wengi wao Wakurdi wa Iraq, na pamoja nao Waethiopia, Waafghani na Msomali. Hatukusema mengi ndani ya basi. Dereva wetu, ambaye si wa jamaa zetu, alizima redio mwenyewe.

Wenye nia ya kwenda na wajue mambo haya. Asiye na pasi ya Uingereza aulizie viza ya Ufaransa mapema, si wiki ya safari. Nguo za joto zinahitajika hata wakati wa kiangazi. Chakula halali kinapatikana mjini, lakini ni salama zaidi kujibebea. Tazameni nyakati za maji kabla ya kuondoka, kwani kule Zuydcoote, maji yakipwa sana, mifupa ya meli ya Crested Eagle hujitokeza mchangani. Ilishambuliwa tarehe 29 Mei 1940 na walikufa ndani yake watu wapatao 300.

Na kwa wasioweza kuvuka bahari, askari kadhaa wa K6 waliofariki humu nchini wamezikwa Kingussie, katika milima ya Scotland, mbali na kwao na mbali na sisi. Karibu zaidi ni Woking, karibu na msikiti wa Shah Jahan. Katika Horsell Common upo uwanja wenye ukuta na kuba ndogo uliokuwa makaburi ya askari Waislamu, ambao mwaka 1968 walihamishiwa Brookwood, maili chache tu kutoka hapo. Treni kutoka kituo cha Waterloo haichukui hata saa moja. Tunakusudia kwenda Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya adhuhuri, inshallah. Wenye watoto wawalete, na aliye na gari lenye nafasi atujulishe.